Ajira ya Kwanza ya Muuguzi: Nani Atakuwa Naye Zamu ya Usiku?

Maandishi ya mazungumzo kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga, wazazi wao na wakazi wa kata



Kijana anapomaliza chuo cha uuguzi, familia yake huona kwamba safari imekwisha. Ada imelipwa, sare imeshonwa, mafunzo ya wodini yamekamilika, na kilichobaki, kwa mtazamo wa wengi, ni mshahara tu. Ukweli ni kwamba kipindi kigumu kuliko vyote ndipo kinapoanza. Chuoni, kila alilotenda mwanafunzi lilitazamwa na mwalimu. Kazini, sahihi iliyo katika faili la mgonjwa ni yake mwenyewe. Ndiyo maana uchaguzi wa ajira ya kwanza unastahili kuzungumzwa hadharani. Matokeo yake hayaishii katika mfuko wa mhitimu, bali humfikia mama anayejifungua, mtoto mwenye degedege na mzee mwenye kidonda kisichopona.

Hoja ya mazungumzo haya ni moja. Mhitimu anapokuwa na nafasi zaidi ya moja mkononi, swali lake la kwanza lisiwe kiasi cha mshahara, wala ukubwa wa jina la hospitali. Swali la kwanza liwe hili: katika zamu ya usiku, mambo yakiharibika, nani atakuwa karibu wa kumwelekeza? Likishajibiwa hilo, mengine yapimwe kwa zamu yake.

Leseni kwanza

Kabla ya kuchagua kazi, lipo sharti lisilo na mjadala. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayetoa huduma za uuguzi au ukunga nchini Tanzania hana budi awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na awe na leseni iliyo hai. Mwenye shahada hutakiwa pia kupitia mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali baada ya chuo. Mwajiri anayemwambia kijana, "Wewe anza kazi, leseni itafuata," anamwalika aiweke rehani taaluma aliyoisomea kwa miaka. Siku mgonjwa atakapodhurika, mwajiri huyo atakuwa wa kwanza kusema kwamba hakujua. Kwa hiyo chekecheo la kwanza ni hilo: nafasi inayoanza kwa kuvunja sheria iachwe, hata kama mshahara wake unavutia.

Njia zilizopo

Mhitimu wa leo huwa na njia nne mbele yake.

Njia ya kwanza ni ajira ya umma, katika zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa. Nafasi hutangazwa na Serikali na maombi hupokelewa kwa mfumo wa mtandao. Maombi hayo hayalipiwi, na yeyote anayedai fedha ili "apitishe jina" ni tapeli. Anayeajiriwa hupita katika kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Faida yake ni uthabiti: mshahara wenye ngazi inayojulikana, pensheni kupitia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, na nafasi ya kwenda masomoni baadaye. Ugumu wake ni kwamba nafasi hazitoki kila mwezi, na kituo cha kazi hupangwa kwa mahitaji ya Serikali. Aliyezaliwa mjini anaweza kujikuta katika zahanati yenye watumishi wachache, mbali na hospitali.

Njia ya pili ni hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi. Katika wilaya kadhaa nchini, hospitali ya shirika la dini ndiyo hospitali teule ya wilaya, na hospitali za rufaa za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zina mizizi katika makanisa. Huko mhitimu anaweza kupata wodi nyingi, madaktari bingwa na wauguzi wakongwe. Lakini vituo binafsi havilingani: kimoja kina utaratibu kamili wa kumlea muuguzi mpya, kingine humwachia wodi nzima wiki ya kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyekubali mshahara mdogo.

Njia ya tatu ni miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali, kama ile ya chanjo, lishe, kifua kikuu au VVU. Mara nyingi malipo ni mazuri na mafunzo ni ya kina. Hata hivyo mradi una tarehe ya kufa, na kazi zake huwa nyembamba. Muuguzi anayetumia miaka yake miwili ya kwanza kujaza fomu na kutoa ushauri nasaha tu, atakaporudi wodini atakuta mikono yake imesahau sindano na masikio yake yamesahau mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

Njia ya nne ni kujitolea, ambayo vijana wengi huipitia wakisubiri ajira. Si njia ya kudharauliwa, kwa kuwa mikono isiyotumika hupoa. Ila kujitolea nako kuwe na barua inayotaja idara, saa za kazi, msimamizi na muda wa mwisho. Anayejitolea hapaswi kuachiwa zamu ya usiku peke yake kama mwajiriwa, halafu akakumbukwa kuwa ni wa kujitolea siku ya malipo.

Kwa nini usimamizi utangulie

Huenda mzazi akauliza: kijana amesoma miaka mitatu au minne, je, bado anahitaji kushikwa mkono? Jibu limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Marlene Kramer, alitoa kitabu kuhusu mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapogundua tofauti kati ya uuguzi waliofundishwa na uuguzi wanaoukuta kazini. Miaka kumi baadaye Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa uuguzi wa nchi hiyo hiyo, alieleza hatua tano anazopanda muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Alionyesha kwamba umahiri wa kawaida hujengeka kwa takriban miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja, na kwamba hata mzoefu akihamishiwa wodi asiyoijua huweza kurudi kuwa mwanagenzi. Cheti, basi, kinathibitisha kwamba mtu yuko tayari kuanza kujifunza kazi. Hakithibitishi kwamba amemaliza kuijifunza.

Ushahidi wa karibu zaidi uko hapa nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baada ya siku hiyo watumishi walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere wa mafunzo, lakini utendaji wao kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Hospitali haikukata tamaa. Ilianzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, watumishi wakiwa pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua.

Fundisho la Haydom ni kubwa kwa anayechagua kazi. Mtoto anayezaliwa bila kupumua anatakiwa kuanza kusaidiwa ndani ya dakika moja. Katika dakika hiyo hakuna muda wa kufungua daftari la chuo. Kinachookoa ni mkono uliokwisha kurudia tendo hilo mara nyingi, na mwenzake aliye karibu wa kumwambia, "Rekebisha kichwa, hewa haingii." Mahali penye mazoezi hayo na mwenzake huyo ni chuo cha pili, tena kinachomlipa mwanafunzi wake.

Namna ya kulinganisha

Na achukuliwe mhitimu wa mfano, binti wa mkulima, mwenye stashahada na leseni. Anazo nafasi tatu: hospitali ndogo ya binafsi mjini, hospitali ya shirika la dini iliyo mbali na kwao, na nafasi ya ajira ya umma katika zahanati. Nyumbani kila mtu ana ushauri wake. Mama anataka abaki karibu. Mjomba anataka mshahara mkubwa. Rafiki anasema mjini ndiko kwenye maisha.

Kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, binti huyo afunge safari hadi kila kituo, au apige simu pale nauli isipotosha, azungumze na muuguzi wa zamu na si mkurugenzi peke yake. Aulize wauguzi wangapi huwa kazini usiku, na kwa wagonjwa wangapi. Aulize mgeni hukaa wiki ngapi pamoja na mzoefu kabla ya kuachiwa wodi. Aulize simu ya usiku hupokelewa na nani, na gari la wagonjwa hutoka wapi. Aulize kama wauguzi huzungushwa katika wodi za watoto, wazazi, upasuaji na wagonjwa wa ndani, au mtu huganda mahali pamoja. Aangalie jokofu kama linafanya kazi, kwa sababu oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Aangalie kama mfuko na barakoa ya kumpulizia mtoto hewa viko mezani au vimefungiwa kabatini. Mwisho aulize wauguzi wangapi wameondoka mwaka uliopita, na waliondoka kwa nini. Jibu la swali hilo, au ukimya wa anayeulizwa, husema mengi kuliko tangazo la kazi.

Ndipo aje kwenye fedha, tena azihesabu zote. Ifanywe hesabu ya mfano tu. Kituo kimoja kinaahidi shilingi 760,000 kwa mwezi, mkononi, bila mkataba wa maandishi wala mchango wa hifadhi ya jamii. Kingine kinatoa shilingi 700,000 kwa mkataba, kikichangia NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Katika kituo cha pili binti atakatwa 70,000 na kubaki na 630,000 kabla ya kodi na makato mengine, nayo inaonekana ni hasara ya 130,000. Lakini kila mwezi shilingi 140,000 zinaingia kwa jina lake, yaani 1,680,000 kwa mwaka. Ukijumlisha, malipo ya kituo cha pili ni 770,000, zaidi ya yale yaliyoonekana makubwa. Isitoshe, mwajiri asiyemsajili mfanyakazi wake katika mfuko anavunja sheria, na anayevunja sheria moja si mdhamini mzuri wa nyingine. Aliyesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo akumbuke pia kwamba atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe, asije akaahidi nyumbani fedha ambazo hatazishika.

Mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, si baada. Katika ajira binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa saa za usiku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sheria hiyo hiyo haimpi kinga kamili dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita, kwa hiyo miezi hiyo ya mwanzo si ya kuchukulia mikopo ya pikipiki na samani. Na kama mkataba unamtaka mfanyakazi alipe fidia iwapo ataondoka mapema, au unaruhusu mwajiri kushikilia vyeti vyake halisi, hilo ni la kuulizwa kwa anayejua sheria kabla kalamu haijagusa karatasi.

Zahanati si adhabu

Isidhaniwe kwamba hoja ya usimamizi inamwelekeza kila mhitimu kwenye hospitali kubwa na kuzikimbia zahanati. Hospitali kubwa inaweza kumpoteza mgeni katika umati wake, akawa mtu wa kutumwa maabara miezi sita. Zahanati, kwa upande wake, humfundisha upana: asubuhi chanjo na kliniki ya mama na mtoto, mchana kidonda na homa, jioni rejesta za MTUHA, usiku mama anayejifungua. Ni wachache wanaoijua jamii kama muuguzi wa zahanati, anayefahamu ni kaya ipi mtoto wake hakuletwa chanjo ya pili na ni mama gani anaficha kadi ya kliniki.

Hatari ya zahanati ni upweke, na upweke unaweza kupunguzwa. Anayepangiwa huko amwombe Muuguzi Mkuu wa Wilaya, kwa barua, apewe kwanza wiki chache katika chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Aondoke huko na namba za simu za watu wawili watakaopokea usiku. Akifika, aweke makubaliano na mganga mfawidhi kuhusu dalili ambazo zikionekana tu, rufaa huanza bila kusubiri asubuhi. Kumpa mgonjwa rufaa mapema si kushindwa kazi. Ni kujua mpaka wa kituo na wa mtu, na muuguzi anayeujua mpaka huo ameokoa watu ambao hawatajulikana kamwe kuwa waliokolewa.

Vilevile wapo wasio na nafasi tatu, bali moja, na nyumbani wadogo zao wanasubiri ada. Kwao kuchagua ni anasa, na hakuna haki ya kuwalaumu. Lakini hata mwenye nafasi moja bado analo swali lake, limebadilika sura tu: katika nafasi hii niliyonayo, usimamizi nitaupata kwa nani? Aweza kuupata kwa mkunga mzoefu wa kituo jirani, kwa wenzake waliomaliza pamoja wanaoulizana kwa simu, au kwa mafunzo endelevu ambayo Baraza huyataka kwa ajili ya kuhuisha leseni. Kisha ajiwekee muda. Baada ya mwaka mmoja ajiulize ni mambo gani sasa anaweza kuyafanya peke yake ambayo mwanzo hakuyaweza. Orodha ikiwa ndefu, kazi hiyo inamjenga. Ikiwa fupi, aanze kutafuta nyingine kwa utulivu, kwa kutoa taarifa na kukabidhi kazi inavyopasa, maana sifa ya namna mtu alivyoondoka humtangulia aendako.

Sehemu ya wakazi

Wakazi nao wana sehemu katika uchaguzi huu. Muuguzi mpya anapofika katani, yeye huipima kata kama kata inavyompima. Huangalia kama nyumba ya mtumishi ina mlango unaofungika, kama maji yako karibu, kama anayemfuata usiku wa manane huja na ndugu wawili wenye tochi au mlevi mmoja mwenye matusi. Kijiji hakiwezi kuongeza mshahara wa mtumishi, lakini kinaweza kupunguza sababu zinazomfanya aombe uhamisho.

Kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, ndiyo mahali pa kuanzia. Ajenda yake isiwe malalamiko peke yake. Iulize: mtumishi mpya amepokewa na nani? Mlinzi wa usiku yupo? Umeme wa jua wa chumba cha kujifungulia unawaka? Mawasiliano na gari la wagonjwa yamejaribiwa lini? Na pale muuguzi mpya anaposema, "Huyu mgonjwa ampelekwe kituo cha afya sasa hivi," familia imsikilize, isimwone kuwa ni mtoto asiyejua kazi. Mara nyingi ugonjwa huchukua nafasi katika saa zinazopotea kwa ubishi huo.

Wazazi waombwe jambo moja zaidi. Kijana anaporudi na kusema amechagua kazi yenye mshahara mdogo kidogo lakini yenye mzoefu wa kumfundisha, asiambiwe kwamba amepoteza bahati. Mshahara hupanda kadiri miaka inavyokwenda, lakini misingi ya kazi hujengwa mara moja, na aliyeizoea kazi vibaya mwaka wa kwanza huibeba vibaya hadi kustaafu. Miaka mitano ijayo, mkono huo huo ndio utakaomwelekeza mhitimu mwingine atakayefika katani, naye atafundisha kile alichofundishwa.

Wahitimu wenye maswali kuhusu usajili, kujitolea au nafasi zinazotangazwa wafike katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya au kwa Afisa Utumishi wa Halmashauri, wakiwa na nakala za vyeti na leseni zao. Huduma hiyo haina malipo.